Daftari la Bhoke Lilijaa Vema Tupu

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na sita na elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nusu ya maisha yangu nimehamahama nikifuata dhahabu. Nikisikia mahali pametoka mawe ya dhahabu, sikai! Leo nimekaa kwa sababu nimechoka... na kuna kosa nililomfanyia mwanangu ambalo sijawahi kulisema.

Nilizaliwa Kemambo, Tarime, enzi ambazo vilima vyetu vilikuwa vya ng'ombe na mihogo. Hadi leo naukumbuka ule ukimya. Kisha ikaja rashi ya dhahabu, watu wakamiminika, vilima vikatobolewa, nami nikaingia mashimoni.

Binti yangu Bhoke alikuwa kidato cha tatu, akiishi na mama yake kata ya Nkende, mjini Tarime. Aliwahi kuwaona wapima ardhi kijijini na chombo chao cha miguu mitatu, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Lakini hesabu zilimshinda.

Mama yake akampeleka tuisheni kwa Mwalimu Zuhura, mstaafu aliyefundisha wanafunzi wanane barazani kwake. Niliporudi kutoka machimboni nilikwenda kuona. Mnajua nilikuta nini? Mwanangu ameshika kamba, anapima banda la kuku! Daftari lake lilikuwa limefutwafutwa, na kila ukurasa mwalimu ameandika "Kwa nini?" Wiki sita, alama za vema hazifiki kumi.

Nikamwuliza mwalimu kama binti amekuja kusoma hesabu au kufuga. Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

"Baba Bhoke, mwache akosee hapa," alisema. "Hapa ni banda la kuku tu."

Nikamjibu kwamba sina muda wa kusubiri kuku, nikamwondoa mwanangu mbele ya wenzake. Mke wangu alilalamika kwamba mtoto ndiyo kwanza ameanza kuelewa. Sikumsikiliza.

Karibu na soko kulikuwa na kituo cha tuisheni cha kijana ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Fomula. Darasa lilijaa hadi mlangoni, wakiimba kanuni kwa sauti iliyofika barabarani. Kila Jumamosi mtihani, na majina ya waliofaulu yalibandikwa ukutani. Hapo nikasema, hii ndiyo shule!

Bhoke akapata themanini. Akapata tisini. Vema nyekundu ukurasa mzima! Nililibeba daftari moja hadi machimboni, nikawaonyesha wenzangu.

"Mura, huyu atakuja kutupimia mashimo," walinitania.

Alipokuwa kidato cha nne, mimi na mdogo wangu Chacha tuliamua kugawana shamba la marehemu mama yetu. Lilikuwa la pembe tatu, maana upande mmoja ulikatwa na kijito. Nikamwita msomi wangu atupimie. Akashika kamba, akaimba ile kanuni bila kukosea neno: nusu ya kitako mara kimo. Kisha akasimama katikati ya mihogo, akageuka huku na huku... Hakujua kimo cha shamba kianzie wapi.

"Baba, hili hatukufanya," alisema. "Lingekuwa na namba, ningekwambia jibu."

Namba gani? Ndipo akaeleza. Kila Ijumaa Mwalimu Fomula aliandika ubaoni maswali ya Jumamosi pamoja na majibu yake, nao wakakariri kila jibu kwa namba ya swali lake. Chacha akaangalia pembeni.

"Kwa Mwalimu Zuhura tulikuwa hatujafika pembetatu," Bhoke akaongeza.

Jamani! Machimboni sikuwahi kuliamini jiwe kwa kung'aa kwake. Tulisaga kidogo, tukaosha kwenye karai, tukaangalia kilichobaki chini. Daftari la mwanangu nililiamini kwa rangi.

Ilibaki miezi minne kabla ya mtihani wa taifa. Mke wangu alinisihi niende kumwomba radhi Mwalimu Zuhura. Nilienda hadi kwenye kona ya nyumba yake, nikawaona watoto uani na kamba yao... nikageuza. Ningemwambia nini? Wiki hiyo hiyo tukasikia mawe yametoka upande wa Serengeti. Nikaondoka, nikaahidi kwamba nikirudi nitaenda.

Siku ya tatu kule nilimwona kijana amechafuka matope, ana sururu mkononi. Alikuwa Mwalimu Fomula! Alikuwa amefunga kituo.

"Shikamoo mzee," alisema. "Bhoke anaendeleaje?"

Nilitaka kumtukana. Lakini wote wawili tulikuwa tumemwacha, tena kwa shimo lile lile.

Nilirudi mtihani umekwisha, na kwa Mwalimu Zuhura sikwenda tena. Hesabu alipata F.

Sasa Bhoke ana miaka ishirini na tatu, na ni kibarua wa wapima ardhi. Anashika ncha ya kamba, anasimama pale anapoambiwa asimame. Wengine ndio wanaoandika.

Wazazi wenzangu, nawasihi, msichague tuisheni kwa kelele zake wala kwa vema za daftari. Mpe mwanao kamba, mwambie apime hata banda la kuku, na akueleze kwa nini. Akikosea, usimwondoe. Na kama umeshakosea wewe, usigeuzie kwenye kona kama mimi... piga hodi!