Mke wa Kwenye Sentensi

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mchana kweupe, jengo zima likirudi kutoka kula. Ndani walibanana makarani, mzee mmoja aliyekuwa anahema, na mwanamke mwenye gauni la kijivu la hoteli, amekumbatia rundo la makoti yaliyopigwa pasi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Aliyeligusa rundo lile alitolewa macho.

Sauti ikashuka kutoka juu ya vichwa vyao. "Jamani, nani anarukaruka humo ndani?"

"Hakuna anayeruka," mwanamke akajibu. "Tunakufa."

"Wanaokufa hawajibu haraka hivyo, dada. Tulieni."

Milango ikapanuliwa kwa nguvu. Vilitangulia vidole vyeusi kwa grisi, ukafuata uso mrefu wa mwanamume ndani ya ovaroli ya bluu. Akawavuta mmoja mmoja mpaka ikafika zamu ya yule wa makoti. Fundi akanyoosha mkono. Mwanamke akautazama ule mkono, asiupokee.

"Ukinigusia makoti ya watu na hiyo grisi, nakuvuta humu nikufungie."

"Sasa nikushike wapi?"

"Usinishike. Pokea makoti kwa meno, mimi nitapanda mwenyewe."

Fundi alicheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kikamshangaza mwenyewe.

Jioni ileile wakakutana tena. Juu ya duka la matairi kulikuwa na chumba chenye harufu ya mpira, na humo mwalimu mmoja mstaafu alifundisha Kiingereza watu wazima waliotoka makazini. Mwanamke yule alikuwa mwanafunzi wa siku nyingi, darasa zima likimwita Pasi. Aliingia na blauzi ya njano iliyopigwa pasi, mikono yake imenyooka kama imechorwa kwa rula, akamkuta fundi amekaa benchi la nyuma, ovaroli yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Umenifuata?" akamuuliza.

"Nimefuata Kiingereza. Vitabu vya lifti vyote vimeandikwa kwa lugha hiyo. Wewe je?"

"Mimi naenda ng'ambo kuhudumia wazee. Nikifaulu usaili."

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kufundisha. Mezani aliweka makopo matatu ya maziwa ya unga. La kwanza lilijaa vikaratasi vya maneno ya kuunganisha, la pili vitenzi, la tatu maneno ya umiliki. Mwanafunzi anachota kikaratasi katika kila kopo, anasimama, anatunga sentensi moja, halafu anaitafsiri.

"Na mkumbuke," alisema Mwalimu kumweleza mgeni, "kwao mwenye kitu anatangulia, kitu kinafuata nyuma. Sisi tunasema nyumba ya mama. Wao mama kwanza, nyumba baadaye."

"Ndiyo maana wakihama wanakumbuka kubeba mama," akadakia dereva wa teksi, mchekeshaji wa darasa.

"Kaa chini, Dereva. Sheria nyingine ni moja tu. Hapa hakuna anayeuliza kama ni kweli. Ukianza kutafuta ukweli, ulimi unakwama. Danganyeni, mradi viungo vikae mahali pake."

Wakadanganya kwelikweli. Dereva, ambaye hakuwa na mchumba wala paka, alikuwa na mke tajiri aliyemnunulia ndege. Pasi, aliyelelewa na shangazi na asiyemjua babake, alikuwa na baba mwenye jumba kubwa. Fundi aliposimama mara ya kwanza alishika vikaratasi vyake kwa muda, akasema polepole, "I sit at home until my wife's mother comes."

"Nakaa nyumbani mpaka mama wa mke wangu aje," akatafsiri.

"Huyo mkwe ana mzigo wa zawadi?" Dereva akauliza, darasa likacheka. Pasi naye akacheka. Fundi akakaa, na usoni kwake kulikuwa na utulivu wa mtu aliyetua gunia.

Wiki chache baadaye, Jumamosi mchana, fundi alimpandisha Pasi kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya lile jengo. Walikula mkate na chai ya chupa huku magurudumu ya lifti yakizunguka kando yao.

"Leo umeng'aa, mpenzi," fundi alisema.

"Ni pasi, si mimi. Nikupige na wewe? Una mikunjo kila mahali."

"Ya shati au ya uso?"

"Ya uso nitahitaji mvuke."

Alimfundisha kusikiliza kamba za chuma zikilia, naye akamfundisha namna ya kukunja kola. Walishikana mikono, na mara chache zaidi ya mikono. Ila siku zisizo na darasa, jua lilipoanza kuinama, fundi aliondoka bila kukosa. Pasi hakuuliza, akidhani ni zamu za kazi. Darasani sentensi zikaendelea. Siku moja fundi alisema, "I open the window because my wife's hand is hot," akaitafsiri kwa sauti ya chini, nafungua dirisha kwa sababu mkono wa mke wangu una joto. Pasi alimfinya chini ya benchi.

"Huyo mke wako wa kwenye sentensi ataniua kwa wivu," akamnong'oneza.

Fundi aligeuka, akamtazama sana. "Humwonei wivu?"

"Namhurumia. Ana mume mwenye grisi."

Fundi alishusha pumzi na kuushika mkono wake kwa nguvu. Tangu siku hiyo alimpenda bila kujizuia.

Usaili ulipofika, Pasi akafaulu. Akatoka kwenye ofisi ya usaili mbio, akapiga simu akiwa bado barabarani, honi zinalia pande zote. Alikuwa ameshalipanga neno lake: twende wote, hata huko watu wanapanda lifti.

Simu ikapokelewa. "Haloo, mpenzi, nimepita!"

"Mpenzi wa nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, imechoka.

"Samahani, mama. Namtafuta fundi."

"Yuko ndani anamwogesha mkewe. Mimi ni mkwe wake. Nimwambie nani?"

Pasi alikata simu. Mtu mmoja akamkanyaga, akamwomba radhi, hakusikia.

Fundi alimpata kesho yake nyuma ya hoteli, kwenye chumba cha kufulia, mvuke umetanda.

"Una mke," Pasi alisema, bila kuacha kupiga pasi.

"Nina mke. Ulijua."

"Nilijua?"

"Nilisema mbele ya darasa zima. Tena na tena. Alipatwa na kiharusi akijifungua, mtoto akaondoka, yeye akabaki hivyo. Haongei, hainuki. Ulisema unamhurumia!"

"Ulisema sentensi! Dereva ana ndege, mimi nina jumba la baba, wewe una mke. Ningejuaje kwamba ni wewe peke yako usiyedanganya?"

Fundi aliegemea mashine. "Kwa lugha yangu sijawahi kulisema hilo jambo koo lisizibe. Kile Kiingereza hakiniumi. Ni kama kusema kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikadhani umeelewa, na umekubali kidogo nilichonacho."

"Toka," Pasi alisema. "Naunguza shati la watu."

Hakurudi darasani. Fundi akampigia wiki nzima; simu ikilia mkobani, Pasi akawa anaitazama ikinyamaza yenyewe. Kisha, siku chache kabla ya safari, akampigia.

"Nataka kumwona."

"Nani?"

"Unajua nani."

Mkwe ndiye aliyefungua mlango. "Wewe ndiye wa kwenye simu."

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia, usisimame hapo kama mdai. Sina ugomvi na wewe. Angeweza kunirudishia mwanangu kama mzigo. Hakurudisha."

Mke alilala karibu na dirisha, mwembamba, nywele zimesukwa vizuri. Macho yake yakamfuata Pasi kutoka mlangoni mpaka kitandani, yakabaki hapo.

"Ni saa ya kumgeuza," fundi alisema. "Nishikie upande ule."

Wakamgeuza. Mgongo ulikuwa laini, hauna kidonda hata kimoja.

"Vuta shuka," fundi akasema. "Mkunjo ukibaki, kesho ni kidonda."

Pasi akavuta, akalisawazisha kwa kiganja mpaka likalala kama karatasi. Kisha akatoka nje kwenye ngazi, fundi nyuma yake.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Nimekusamehe pale nilipouona mgongo wake."

"Basi nenda ukafanye kazi. Nisubiri."

"Mpaka lini?"

Fundi aligeuka kuutazama mlango.

"Umeona? Hilo halijibiki. Nikikusubiri, kila asubuhi nitaamka nauliza kama amekufa. Sitauliza kwa mdomo, lakini nitauliza. Na wewe utajua. Kisha siku moja utachelewa kumgeuza..."

"Siwezi kufanya hivyo!"

"Hutafanya. Lakini mimi nitakuwa nimekufanya uwaze."

Alimfuta fundi shavu kwa kidole gumba. Fundi akakishika kile kidole, akakiweka mdomoni kwake.

"Basi hunipendi."

"Ningekuwa sikupendi, ningekubali kusubiri."

Ndani kikaanza kikohozi kizito cha majimaji. "Baba! Njoo, anapaliwa!" mkwe aliita. Fundi alimtazama Pasi mara moja, akakimbilia ndani.

Pasi alisimama palepale, mkono ukutani. Kikohozi kilipanda, kikakwaruza, kikakatika ghafla. Nyumba ikawa kimya. Akajikuta ameacha kupumua, ametega sikio, anausikiliza ule ukimya, na kitu kidogo kibaya kinachangamka ndani ya kifua chake.

Akashuka ngazi mbio.