Mawe ya Masikio Mnarani

Kisomamawe kilimnyanyua sato kutoka majini kwa kiganja chake cha mpira, kikammulika kichwa, kikamrudisha kabla samaki mwenyewe hajajua kwamba ametolewa. Ndani ya kichwa cha kila samaki kuna vijiwe vya sikio. Kila siku kijiwe huongezewa tabaka jembamba, na anayejua kuyasoma matabaka hayo huijua siku aliyozaliwa samaki. Zamani ilibidi samaki afe ndipo asomwe. Kisomamawe kilisoma bila kisu wala damu.

Dakta Nyangoma ndiye aliyekibuni. Ndiye pia aliyebuni jua la mnara wa samaki uliosimama ziwani mbele ya jiji la Bukoba, na kwa hilo alikuwa amepigiwa makofi hadi akachoka kuinamisha kichwa. Jua hilo la taa lilichomoza na kuzama mara mbili katika kila siku moja ya Mungu. Sato walikula kila kulipokucha, na kila kulipokucha kisomamawe kiliona tabaka jipya. Samaki wa miaka miwili akahesabiwa minne, umri wa kuuzwa, akaruhusiwa kwenda sokoni. Sasa wakuu wa jiji walitaka jua hilo liwekwe katika viwanda vyote, wafanyakazi walale mara mbili na wazalishe mara mbili. Walisubiri neno moja tu la Nyangoma, kwamba mwili ulio hai huifuata taa.

Naye alikuwa ameanza kulitilia shaka neno hilo. Wiki ile alipasua jiwe la sato aliyejifia, kwa kisu, kama walivyofanya wazee wa kazi. Tabaka nene lilifuatwa na ufa mwembamba, kisha nene, kisha ufa. Mwili wa samaki ulikuwa bado unaishika siku yake ya asili. Jua la pili halikumkuza, lilimshtua tu usingizini.

"Kimesema minne," alisema Mkurugenzi wa mnara, Lwamugira. "Weka kidole uthibitishe, Dakta, tukapumzike."

"Kinachanganya kukua na kushtuka. Hawa ni watoto wa miaka miwili, na wamechoka."

Lwamugira alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa. "Basi andika miwili. Lakini desturi unaijua. Mlishaji huingia na vifaranga vyake na hutoka navyo mawe yakitimiza miaka minne, kwa sababu sato hawali mkononi mwa mgeni. Na bwawa hili ni la dada yako."

"Mdogo wangu," Nyangoma alimsahihisha, ingawa walipishana robo saa tu. Walikuwa pacha, na mama yao alizoea kuwatofautisha kwa kovu la goti.

Alimkuta pacha wake, Nyakato, nyuma ya kioo. Saa na simu haziingii mnarani, na wageni huja kwa nadra, kwa hiyo walikuwa hawajaonana tangu mlango ulipofungwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa na mvi kichwa kizima.

"Wewe mbona huzeeki?" Nyakato alicheka. "Unakula nini huko? Tazama, nimemshonea mwanangu Kemilembe gauni. Si yuko darasa la kwanza sasa? Nilimwacha na mitatu, leo ana saba."

"Ana mitano, Nyakato. Hajaanza shule."

"Mitano? Unanitania."

"Uliambiwa mlangoni kwamba siku za humu ni nusu."

"Niliambiwa. Lakini mtu huhesabu mapambazuko anayoyaona." Kisha uso ukamchanua, akapiga makofi kama msichana. "Basi sijamkosa! Nitampeleka shule mwenyewe!"

Nyangoma aliweka kiganja kwenye kioo. Kicheko kile kikafifia chenyewe.

"Kuna nini, dada?"

Akamweleza yote. Kwamba samaki hawajatimia. Kwamba akiandika kweli, Nyakato atabaki hadi watimie, yaani muda kama ule ule aliokwisha kukaa. Na kwamba akiandika uongo, Nyakato atatoka leo, na taa zitawashwa kwa kila mfanyakazi wa Bukoba.

Nyakato alisikiliza macho yakiwa yameshuka. Alikuwa mtu wa haki tangu utotoni, na Nyangoma alitamani, Mungu amsamehe, aambiwe afanye haki. Lakini uchovu hauna adabu.

"Nimechoka, dada," alisema Nyakato. "Nimechoka mara mbili. Nitoe."

Ni rahisi kumlaumu mtu ukiwa umelala vizuri. Nyangoma aliwafikiria wasaga kahawa, washona nguo, watu ambao hakuwajua hata majina. Damu nzito kuliko maji, husema watu, na jioni ile ilimlemea kifuani kuliko alivyowahi kudhani. Alirudi kwa Lwamugira, akaweka kidole kwenye miaka minne.

Njia nzima Nyakato alisinzia garini. Kila alipozinduka aliuliza kama kumekucha, na Nyangoma alimjibu bado, lala. Walipita mbele ya kiwanda cha kahawa. Mafundi walikuwa tayari wanapandisha taa paani, kwa maana habari za kidole kile zilikuwa zimewatangulia.

Kemilembe aliwasikia, akatoka mbio. Alimkumbatia Nyangoma magotini, yule aliyemlea, akamwita mama. Kisha akamwona mgeni, na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyefunzwa vizuri, akainama.

"Shikamoo, bibi."

Nyangoma alifungua kinywa amweleze. Nyakato akamzuia kwa mkono. Alimtazama mtoto kama anayetafuta nguvu za kubishana na asizipate.

"Marahaba," akasema.