Zamu ya Zella

Barua ilitoka kwa mama mmoja wa Pigeon Lick, imeandikwa kwa penseli, nayo ilimsifu mpiga banjo. "Mwambieni apige zaidi," ilisema. Ocie Ratliff aliisoma mara mbili ndani ya gari, nje ya kituo cha redio. Mpiga banjo wa bendi yao ya familia alikuwa Zella, mama yake, na walikuwa wamemzika wiki sita nyuma. Banjo yenyewe, ngozi yake na nyuzi zake, ilikuwa imefungiwa kwenye buti la gari.

"Labda amesikia rekodi ya zamani," Ocie alisema.

"Tulirekodi lini sisi?" alijibu baba yake, Hobart, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kosa lilikuwa la Hobart, na ni kosa la mwanamuziki. Bendi ya familia huzunguka kipaza sauti kimoja. Zamu yako ya kupiga peke yako ikifika, unasogea mbele, wenzako wanarudi nyuma. Zella alipofariki, mtu mwenye akili zake angeigawa zamu ile. Hobart aliiacha wazi. Kila wimbo, baada ya ubeti wa pili, alishusha fidla yake na kurudi nyuma, Ocie akabaki kupapasa gitaa, na mbele ya kipaza sauti hapakuwa na mtu. Aliona ni heshima kwa mkewe. Lakini ukiacha nafasi wazi kila siku saa sita mchana, hewani, milima yote ya Kentaki ikisikiliza, huchagui wewe atakayeikalia.

Baada ya barua ile akairefusha zamu. Wakawa wanakwenda kupiga shule hadi shule, kanisa hadi kanisa. Gari lilianza kunuka ngozi mbichi iliyolowa. Ocie aliijua harufu ya mama yake, sabuni na ugoro, na hii haikuwa yake.

Kisha barua zikabadilika. "Yule mdogo yuko wapi?" watu waliuliza. "Tunamwombea apone." Mdogo ni Nadine, ndugu yake Ocie wa miaka kumi na mmoja, na hakuna siku aliyokosa kuimba.

"Dada, si niliimba jana?" alinong'ona.

"Uliimba."

"Sasa mbona hawanisikii?"

Ocie alimvuta karibu yake kwenye kiti cha nyuma.

Asubuhi moja mezani Nadine alisema, "Baba, niongezee maharage." Akasema tena. Mara ya tatu alipiga kelele, na Hobart akaendelea kumega mkate wake wa mahindi.

"Baba! Mtoto anakuita!" Ocie alimaka.

"Nani?" Alipoinua macho aliuona mdomo wa Nadine ukifunguka na kufungika, wala hakusikia neno. Kipande cha mkate kilimponyoka.

Siku hiyohiyo walikwenda kwa Bibi Tennie, mkunga anayeponya majeraha ya moto kwa kuyanong'oneza. Hakuwakaribisha hata kahawa.

"Huyo si Zella," alisema. "Zella na ukali wake wote, angemla mwanawe? Hicho ni kitu kilichokuwa hakina pa kukaa, wewe ukakipa kiti."

"Nikitoeje, bibi?"

"Kaa mwenyewe. Zamu ikifika, songa mbele upige. Ila usijidanganye, Hobart. Hakitoki mikono mitupu. Kitaachia sauti ya mtoto, kitachukua ya atakayesimama pale."

"Nitasimama mimi, baba," Ocie alisema.

"Wewe funga mdomo, ushike gitaa."

Saa sita mchana, kituoni, taa nyekundu ya kwenda hewani ikawaka. Waliimba ubeti wa kwanza, wakaimba wa pili, na zamu ilipofika chumba kikajaa harufu ile ya ngozi, na Ocie akaisikia banjo kwa masikio yake, ikipigwa kwa utamu ambao mama yake, maskini, hakuwahi kuufikia, ikitoka mahali palipo wazi kabisa mbele yake, na akaogopa, na kilichomtisha zaidi ni kwamba alitamani isinyamaze, kwa maana ikinyamaza mama atakuwa amekufa kweli, na alipogeuka alimwona baba yake analia kwa hamu hiyohiyo, fidla iko begani, miguu imeganda, mpaka Nadine alipomshika mkono.

Hobart akasonga mbele.

Sauti ya banjo ikakatika. Sauti ya Nadine ikalipuka chumbani, kali na safi, hata fundi aliyekuwa nyuma ya kioo akaruka kutoka kitini akipiga makofi. Ocie alicheka huku machozi yanamtoka.

Kisha akatazama upinde wa fidla. Ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya nyuzi, haraka, na hausikiki. Hobart naye aliutazama. Akafungua mdomo kumwita, Ocie akaliona jina lake kwenye midomo ile, asilisikie.

Baba yao akawainulia kidevu, kama afanyavyo kila mara ubeti ukiwadia. Waliimba, wote wawili, mpaka kipindi kikaisha, naye amesimama katikati yao akipiga kwa nguvu zake zote.