Chupa Isiyokuwa ya Papa

Kila asubuhi Kyakimwa alifagia mbele ya duka, akachemsha chai, kisha akamwamsha baba yake. Walikuwa wawili tu hapa Kisangani. Mama alizikwa Butembo, ndugu walibaki huko huko. Wateja waliingia, wakanunua vitenge, wakaenda zao. Mgeni wa kukaa na kuongea hakuwepo.

Tangu mvua zianze, baba yake, Papa Paluku, alikuwa anakojoa damu. Binti yake peke yake ndiye aliyejua.

Kyakimwa alipomsihi sana, alikwenda kwa Daktari Solange, wa maabara ya utafiti, naye akaomba mkojo wake. "Tunatafuta njia ya kugundua kansa ya kibofu mapema," alieleza. "Mashine yetu inapitisha seli mojamoja mbele ya mwanga na kupima DNA, ile asili ya urithi iliyo ndani yake. Seli zenye afya hubeba kiasi kinacholingana. Za kansa mara nyingi hubeba kupita kiasi hicho."

Papa alikataa. Bibi yake alimfundisha kwamba mkojo wa mtu haupewi wageni, mwenye nia mbaya asije akamroga nao. Alisali sana, ndipo akakubali, lakini kwa sharti.

"Chupa utaibeba wewe tu, mama," alimwambia Kyakimwa. "Isiguswe na mkono mwingine njiani. Na ni mara moja, sirudii."

Kyakimwa aliweka chupa ndani ya mfuko wa barafu, akapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria. Mwendeshaji, Assumani, alikuwa mtu wa mzaha.

"Umekumbatia nini hivyo, mama mudogo? Iko samaki?"

"Twende tu, tonton."

"Bon! Siri ya familia!"

Karibu na maabara baiskeli iliingia shimoni, ikaruka. Mfuko ulianguka, kifuniko kikafunguka. Kyakimwa alipoiokota chupa, ilikuwa tupu.

"Pole, mutoto. Ilikuwa kitu ya maana?"

"Hapana," alijibu.

Papa alishasema harudii. Na katika mji ule wote hakumjua mtu wa kumwuliza afanye nini. Aliingia choo cha maabara, akaisuuza chupa, akaijaza mkojo wake mwenyewe na kuikabidhi.

Majibu yalipotoka, daktari alikunja uso. "Papa Paluku, mashine haikuona seli mbaya. Ila hiyo damu inanisumbua. Tuangalie ndani ya kibofu kwa mrija wenye taa."

"Ya nini tena, docteur? Mashine imesema niko muzima!"

Jumapili Papa alitoa shukrani kanisani. Nyumbani alipika liboke, samaki wa kufungwa kwa majani, akacheka peke yake kwa furaha. Kyakimwa aliutazama uso ule, akarudisha tonge kwenye sahani. Hakuwahi kujiona mpweke namna hiyo, ingawa alikuwa akila sahani moja na baba yake.

Papa alikwenda chooni. Alirudi akijifuta jasho. "Bado iko nyekundu. Itaisha tu. Mashine haidanganyi."

"Papa, mashine haikudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

Akamweleza yote. Papa aliketi taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hurudii. Niliogopa utakufa, nibaki peke yangu."

Papa alisukuma sahani pembeni. "Donc, kumbe mlango niliufunga mimi."

Kesho yake walikwenda pamoja, chupa aliibeba Papa mwenyewe, na Kyakimwa akamweleza daktari yote. Safari hii mashine ilionyesha seli nyingi zenye DNA kupita kiasi. Papa akakubali ule mrija. Ndani ya kibofu kulikuwa na uvimbe mdogo, haujazama kwenye ukuta wake. Madaktari wakautoa.

Kyakimwa alikuwa ameinama kando ya kitanda cha Papa hospitalini wakati Daktari Solange alipoingia.

"Binti yangu, kosa lako lilikuwa kubwa," alisema. "Mashine inapima kile tunachoipa. Ukiipa uongo, inaurudisha umevaa sura ya ukweli, na sisi tungewatibu wengine kwa uongo huo. Kitu kikimwagika, sema kimemwagika. Umechelewa kusema, lakini Mungu amekupa nafasi ya kusema kungali mapema."

Kisha akamgeukia Papa. "Na wewe, papa, mtoto akikuletea habari mbaya, mpokee kwanza. Atakuwa ametembea nayo peke yake."

Papa alijisogeza taratibu upande wa ukuta, akapigapiga godoro kwa mkono, na Kyakimwa akapanda akakaa.