Breki Niliyosema Nimeila

Nilipaswa kusema hapana.

Alasiri ile Maganga aliponiwekea chenso yake mezani na kuniambia anaitaka kesho asubuhi, nilipaswa kumjibu, "Kesho haiwezekani, ndugu yangu." Sikusema hivyo. Nilimwambia, "Iache hapo, mtumwa wangu, kesho utaikuta inanguruma." Laiti ningejua nilichokuwa nakikubali!

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa. Ni Mzigua wa Handeni, lakini maisha yangu ya kazi yamepita Korogwe. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikajifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, na nilipostaafu nikafungua kibanda kando ya barabara pale Makuyuni. Nilitengeneza misumeno ya mnyororo, ambayo huku kwetu tunaiita chenso, pamoja na pampu za maji na mashine za kukatia nyasi. Watu wakiniita Fundi Mhina. Nililipenda jina hilo... nalo ndilo lililonitia kiburi.

Maganga alikuwa mkata miti, na alikuwa Mnyamwezi. Babu yake alikuja huku kukata mkonge, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi za wafanyakazi pale Ngombezi. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na utani mnaujua. Aliweza kunivua kofia mbele ya wakwe zangu akaondoka nayo, nami sina ruhusa ya kukasirika. Aliniita mchawi, nami nikamwita mpagazi. Hakuna mtu niliyempenda kuliko yeye isipokuwa watoto wangu.

Kwenye kibanda tulikuwa na mchezo wetu. Kila alipokuja kuchukua chenso yake, nilimwambia kuna kifaa nimekiuza au nimekila.

"Pistoni yako nimeiuza, nimenunua dagaa."

"Ndiyo maana unang'aa usoni, mchawi wewe!"

Siku nyingine ilikuwa plagi, siku nyingine kabureta. Waliokaa kwenye benchi langu walikuwa wakisubiri kusikia leo nimekula nini. Tulifanya hivyo miaka na miaka.

Lakini hata watani wana mlango wa kupitishia ukweli. Aliyekuwa na neno zito alianza na maneno mawili: "Utani pembeni." Ukiyasikia, unaacha kucheka na unasikiliza. Mama yake alipokuwa anakata roho, Maganga alinijia akaniambia, "Utani pembeni, Mhina, twende nyumbani." Nilifunga kibanda bila kuuliza swali. Naomba myakumbuke maneno hayo mawili.

Basi, alasiri ile alileta chenso yake kwa usafishaji wa kawaida tu. Alikuwa amepata kazi Handeni, kukata mkenge mkubwa ulioangukia shamba la mtu. Kabla ya kuondoka akaanza vituko vyake mbele ya watu wa benchi. Akafumba macho, akanyoosha mikono kama kipofu, akawa anapapasa meza yangu.

"Mnamwona Mzigua? Siku hizi anatengeneza kwa kupapasa!"

Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka. Lakini moyoni kituko kile kilinichoma... kwa sababu ilikuwa kweli. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia, na nilikuwa nikimficha kila mtu, hata mke wangu.

Alipoondoka, nikafungua mfuniko wa pembeni. Ndani yake kuna mkanda mwembamba wa chuma unaozunguka kikombe cha klachi, kile kinachozungusha mnyororo. Huo ndio breki. Ncha ya msumeno ikigusa tawi vibaya, chenso hupiga teke, huruka kumwelekea mkataji kufumba na kufumbua. Mkono wake unasukuma kinga ya mbele, ile ngao iliyo mbele ya mpini, mkanda unabana kikombe, mnyororo unasimama. Mkanda ule mdogo ndio unaosimama kati ya mkata miti na kaburi lake.

Ulikuwa umegandiwa na utomvu na vumbi la mbao. Ilitakiwa niuloweke kwa mafuta ya taa, nisubiri, kisha niusugue taratibu. Ndivyo nilivyofundishwa karakana. Lakini nilikuwa na haraka na nilikuwa na hasira ya kuchekwa. Nikauchokonoa kwa bisibisi mahali nisipoona vizuri.

Ukakatika. Ta!

Mkanda mwingine haukupatikana Korogwe. Ungeagizwa Tanga, na Maganga angeikosa kazi ya Handeni. Lakini niseme ukweli: sikufikiria kazi yake. Nilifikiria benchi. Nilimwona Maganga amefumba macho, anapapasa meza, anawaambia watu, "Si niliwaambia? Amenivunjia!"

Nikautupa mkanda ule kwenye kopo la vyuma chakavu. Nikafunga mfuniko, nikafuta mashine mpaka ikang'aa. Nikaisukuma kinga ya mbele kuijaribu. Ilisogea, ikalia vilevile kama zamani. Mtu yeyote angeona breki ipo! Nilijiambia, ni kazi ya mara moja, akirudi nitakuwa nimeagiza mkanda, nitauweka bila yeye kujua...

Asubuhi alikuja mapema, kabeba chakula chake kwenye kikapu. Watu wa benchi walikuwepo. Nilijua lazima nimwambie. Nami nilimwambia! Hiyo ndiyo adhabu yangu, kwamba kwa kinywa changu nilimwambia.

Nilisema, "Leo nimekula breki yako. Nimeipika na mchicha."

Benchi lote likacheka. Maganga akaniangalia tumbo, akasema, "Basi leo choo hutakiona, mchawi, breki imekubana tumbo!"

Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Nilihisi midomo yangu ikitaka kusema yale maneno mawili. Utani pembeni. Ni pumzi moja tu! Yalifika kwenye ulimi... nikayameza. Nikajidanganya kwamba nimekwisha mwonya. Akaibeba chenso begani, akapunga mkono, akaenda zake.

Hakurudi akiwa hai.

Habari zililetwa siku ileile na mwenye shamba. Mkenge ulikuwa umelala, Maganga anakatakata matawi, ncha ya msumeno ikagusa tawi lililojificha chini ya majani. Ulimrukia shingoni. Mwenye shamba alilia kama mtoto akisema, "Nilisikia ile kinga ikilia, wallahi niliisikia, lakini mnyororo haukusimama!"

Waliokuwepo hawakuelewa maana ya maneno yale. Mimi niliyaelewa. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Tulimzika Ngombezi. Na hapo, wasomaji wenzangu, nilifanya dhambi nyingine ambayo hata leo inanichoma kuliko ya kwanza. Mnajua mtani ana kazi yake msibani. Ni yeye anayewachekesha wafiwa ili wasiangamie kwa machozi. Baada ya maziko, wazee wa Kinyamwezi walianza kuita, "Yuko wapi Mzigua? Aje atuonyeshe marehemu!"

Ningekataaje? Nilisimama. Nikavaa kofia ya Maganga, nikachukua mchi wa kinu, nikaushika kama chenso, nikanguruma kwa mdomo. Nilimwigiza anavyotembea, anavyotema mate kabla ya kuwasha mashine. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mjane wake, Mama Zena, naye alicheka, akajifunika uso kwa khanga. Baadaye aliniletea shati zuri la mume wake, kama ilivyo mila. Akasema, "Asante mtani. Umeniletea tena sauti yake."

Nililipokea shati lile! Kwa mikono hii hii!

Kabla hatujatawanyika, kaka yake mkubwa, Mzee Luhende, aliniletea chenso imefungwa kwenye kiroba. Aliniheshimu kama fundi. "Mhina, wewe ndiye unayeijua mashine hii. Iangalie, utuambie ilikuwa na kasoro?"

Nilipiga magoti, nikampa mgongo ili asione. Nikafungua mfuniko, nikatazama pale palipokuwa patupu, nikafunga. Nikasema, "Mashine ni nzima. Nadhani aliishika kwa mkono mmoja."

Maneno hayo machache tu. Lakini nani anaweza kuyarudisha maneno yaliyokwisha toka? Haukupita muda, yakazunguka kambi zote. Mkono mmoja ukawa uzembe, uzembe ukawa ulevi. Maganga, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, akawa mlevi aliyejikata mwenyewe! Binti yake Zena alikuwa na mchumba, na upande wa mvulana wakaanza kusitasita, eti hawataki ukoo wa walevi. Nilimuua mtu, kisha nikamchafua kaburini.

Nilianza kukosa usingizi. Shati la Maganga nililificha kwenye sanduku, na kila nikipita karibu na sanduku lile najihisi naangaliwa. Mke wangu aliniuliza nina nini. Nilimjibu ni uzee.

Mvua za masika zilipokwisha, Mama Zena alikuja kibandani. Aliongozana na mkulima wa Makuyuni aitwaye Salehe, baba wa watoto wadogo, na Salehe alikuwa amebeba chenso ya marehemu.

"Shikamoo mzee," Salehe alinisalimu. Lakini Mama Zena alinisalimu kiutani, kama kawaida yake. "We mchawi, bado hujafa tu? Nimekuletea mteja. Anataka kununua chenso, anaogopa. Mwambie ni nzima. Si wewe uliyesema?"

Salehe aliisukuma kinga ya mbele kwa kidole. Ikalia. Akatabasamu. "Ah, mbona breki yake inafanya kazi vizuri!"

Nilimtazama shingo. Sijui kwa nini niliitazama shingo... Nikaona mshipa unavyopiga. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, nitamzika na huyu.

Nikasema, "Mama Zena. Utani pembeni."

Tabasamu likamtoka usoni.

Nikachukua spana, nikafungua mfuniko mbele yao, nikawaonyesha pale palipo patupu. Nikalimwaga kopo la vyuma chakavu mezani, nikaupata ule mkanda uliokatika, umeshika kutu. Nikaeleza yote: bisibisi, macho yangu, mchicha, kicheko. Nikaeleza kwamba Maganga hakushika kwa mkono mmoja, wala hakulewa, na kwamba aliisukuma ile kinga kama mkata miti anayeijua kazi yake, ila nyuma ya kinga mimi sikuwa nimemwachia kitu. Nikamwambia kwamba asubuhi ile maneno "utani pembeni" yalifika ulimini mwangu nikayameza kwa sababu ya aibu.

Mama Zena hakupiga kelele. Ningefurahi kama angenipiga! Aliushika ule mkanda wenye kutu, akaugeuza geuza, akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Kisha akasema taratibu:

"Kumbe hayo maneno unayajua."

Akageuka, akaondoka. Salehe akaiacha chenso mezani, akamfuata.

Nilikwenda kituo cha polisi nikayarudia maelezo yangu, na nikaenda Ngombezi kwa Mzee Luhende kuyasema mbele ya wazee wao, ili jina la Maganga lisafishwe. Namshukuru Mungu lilisafishwa, na Zena aliolewa. Sikualikwa. Wazee walinisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza, Mzee Luhende alisema, "Mtani akitania hana kosa. Lakini wewe hukutania. Wewe ulijificha ndani ya utani." Nililirudisha shati, wakalipokea. Kibanda nimekifunga. Sifai tena kuaminiwa mashine ya mtu.

Ndugu zangu mafundi, nawasihi! Ukivunja kifaa cha mtu, sema. Macho yakichoka, sema. Usifunge mfuniko juu ya kitu kisichokuwepo, hata kama mwenye mali ana haraka, hata kama watu watakucheka mpaka jioni. Kicheko cha benchi kinaisha watu wakienda kula. Na ninyi nyote mnaopenda mizaha kama mimi nilivyoipenda, ukweli unaoweza kuokoa maisha ya mtu usiuvalishe nguo ya mzaha. Useme ukiwa uchi.

Ile "ndiyo" niliyoitoa alasiri ile ilimgharimu Maganga uhai wake. Mimi ilinigharimu rafiki, kazi na usingizi. Na kuna jambo moja zaidi. Nikipita Ngombezi zamani, watoto kwa wazee walinipigia kelele kutoka milangoni, "Mchawi huyo! Mficheni kuku!" nami nikiwatukana nikicheka. Siku hizi nikipita hakuna anayenitukana. Wananipisha njia, wanainamisha vichwa, wananiambia, "Shikamoo, mzee."