Gasketi Isiyo na Tundu

Kemuma alikuwa amelazwa kitandani ndani ya gari la zahanati, mguu wa kulia umevimba mpaka pajani, shuka limefunika uso. Gari lenyewe halikuwa limesogea hata hatua moja.

Lilikuwa gari la misheni, nyumba kamili juu ya magurudumu: vitanda viwili, jiko, kabati la dawa. Inspekta Kerosi alilikuta sokoni Rodi Kopany saa kumi alasiri, Jumamosi moja ya Machi 1966, umati umemzunguka dereva na mawe mikononi. Nyoka alimuuma msichana asubuhi, basi la Homa Bay lilikuwa limeshapita, na gari hili la pekee likakataa kushika. Watu walisema dereva huyo, Bashir, mgeni asiye na ndugu pale, ameuza petroli. Jamani, mgeni hakosi lawama.

Kerosi aliwaamuru konstebo wamkinge, kisha akamgeukia.

"Umeuza petroli?"

"La, afande. Pima tangi."

Alipima kwa fimbo. Nusu.

"Lilifanya nini?"

"Liliwaka kidogo, likazima. Nikapiga stata mpaka betri ikafa."

Kerosi alikuwa fundi wa karakana ya polisi kabla ya kuwa mpelelezi, na hakupenda kubahatisha. Alifunga humo betri ya Landrova yake. Plagi zilitoa cheche safi. Akalegeza bomba kwenye kabureta, Bashir akapiga stata: halikutoka hata tone. Akarudi nyuma hadi pampu, akafungua nati ya bomba linalotoka tangini. Ilikuwa imepakwa sabuni, kama mafundi wa huku wafanyavyo kuzuia mvujo. Ndani yake palikuwa na gasketi ya karatasi ngumu.

Gasketi huziba mvujo, lakini huwa na tundu katikati la kupitisha petroli. Hii haikuwa nalo. Upande wa pili palisomeka herufi za wino: "muma".

"Nani aliifungua pampu hii?"

"Mzee Mokaya, fundi wa hapa, jana mchana. Alisema anaisafisha." Bashir alitazama chini. "Ndiye baba wa huyu marehemu."

Kerosi alikaa kwenye ngazi ya gari, akashindwa kuandika.

Akamwita Orpah, jirani aliyetumwa asubuhi kumwita fundi huyo kanisani.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba gari limekataa na kuna mgonjwa."

"Hukumwambia mgonjwa ni mwanawe?"

"Mzazi hapasuliwi habari hivyo, afande. Nilitaka afike, akae, ndipo tumwambie polepole." Machozi yalimtoka. Mokaya alikuwa amemjibu kwamba ni Sabato, hashiki spana, wamngoje kesho.

Mokaya alikuwa mkekani kwake, nguo za kanisani bado mwilini. Waombolezaji wakapisha. Inspekta, Mkisii na Msabato kama yeye, alichuchumaa mbele yake.

"Mzee, Sabato haimzuii mtu kuokoa roho. Wewe unajua kuliko mimi. Kwa nini ulikataa?"

Kerosi akaiweka ile karatasi mkekani. Mokaya aliisoma kwa kidole.

"Kadi yake ya shule," alisema. "Sikuangalia. Nilishika iliyokuwa karibu."

"Kwa nini, baba?"

"Kesho gari lingempeleka Kendu Bay, akasomee uuguzi. Mama yake nilimzika mwaka jana. Wengine wote wameolewa. Nilitaka akae wiki moja tu zaidi." Mwamba ngoma huvutia kwake, na mzee huyu alivuta kwa upendo mpaka ngozi ikapasuka. "Orpah alipokuja, nilijua nikienda, nitaifungua pampu mbele ya Bashir, naye ataiona. Kemuma angejua ni mimi."

"Lakini ulijua kuna mgonjwa."

"Nilijua." Akaifunika karatasi kwa kiganja. "Nilidhani ni mtoto wa mtu mwingine."

Kerosi hakumtia pingu. Alikata gasketi mpya, akaitoboa, akakaza nati. Daktari wa Homa Bay alipaswa kuuona mwili, na mzee alipaswa kufika kituoni. Landrova ilikuwa imebaki bila betri, na gari lilikuwa hilohilo moja.

Wakamkalisha Mokaya ndani, ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya shuka. Bashir, uso bado una damu ya kupigwa mawe, akamwuliza kwa upole kama yuko tayari. Kisha akapiga stata, na injini ikashika mara moja.

Hapo ndipo mzee Mokaya alipolia.