Dakika Arobaini na Tano Hewani

Nina miaka hamsini na miwili, shahada mbili, na nyumba ya kupanga Kitisuru. Nasema haya mapema ili mjue mnasoma habari za mtu aliyejiona. Mama yangu alizikwa bila mimi, na mdogo wangu Ambani alijua niko njiani.

Mama alifia Nairobi. Kwetu Bunyore, karibu na Kisumu, watoto husafiri na mwili: mnapanda basi nyuma ya gari la maiti, mnaimba hadi nyumbani. Mimi nikasema mgongo wangu hauwezi.

Tulikuwa tumekutana kupanga mazishi katika duka la Ambani la vifaa vya ujenzi, River Road. Nikatoa simu na kuwasomea watu: ndege kutoka uwanja wa Wilson hadi Kisumu, dakika arobaini na tano hewani. Nikawaambia nitafika kabla hawajanawa uso. Walicheka wote isipokuwa Ambani.

“Kwa hivyo mama ni mzigo, sindiyo? Sisi tubebe, wewe uje kupokea.”

“Hesabu ni hesabu, Ambani.”

“Sawa, Profesa. Pita huko juu.”

Wao waliondoka na mwili siku moja kabla; siku ya mazishi ndege yangu ikaondoka asubuhi vizuri. Tulipokaribia Kisumu, rubani akatangaza kuwa kuna mvua ya radi uwanjani, hivyo tunakwenda kutua Eldoret.

Sikujali. Kutoka Eldoret hadi Kisumu ni dakika chache tu kwa ndege... Abiria wenzangu kadhaa waliingia teksi papo hapo. Mimi nikaagiza chai. Nani apande teksi milima yote ile, na ndege iko pale nje inangoja mawingu yaondoke?

Mawingu hayakuondoka. Nilikaa na hesabu zangu hadi karibu adhuhuri, ndipo nikatafuta teksi. Tulipofika Kapsabet nikampigia Ambani.

“Ningojeeni. Niko Kapsabet.”

“Uko juu ama chini?”

“Nimepanda teksi.”

“Kumbe barabara unaijua. Pasta anasema mvua inakuja, na watu wako na njaa.”

“Mimi ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza ni wangu, unajua.”

“Tangu jana usiku tuko na yeye, bro. Wewe uko na dakika.”

Akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Baadaye binamu yetu aliniambia kwamba pasta alimuuliza Ambani kama kuna mtoto anayesubiriwa. Naye akajibu, mbele ya watu wote: “Hakuna.”

Ndugu msomaji, unaweza kumfanyia hivyo mtu mliyenyonya ziwa moja?

Nilifika wanaume wakiosha majembe. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa, maua juu. Watu walikuwa wanakula wali. Ambani alinijia na sahani, akaniwekea mkononi kwa heshima zote.

“Karibu chakula, mgeni.”

Nilikula. Ningefanya nini? Nilisimama katika ua ule nilimozaliwa, nikala kama aliyepotea njia, na hakuna aliyenisogezea kiti.

Sijamsamehe, na hapa siombi mtupatanishe. Lakini ninyi ambao wazazi wenu bado wapo, nawasihi: siku hiyo ikifika, msiulize safari inachukua muda gani. Ulizeni mzazi yuko gari gani, mkaketi karibu naye. Mimi uso wa mama niliuona mara ya mwisho chumba cha maiti, nikiwa nimesimama mlangoni, naharakisha kwenda kukata tiketi.